Upanga butu, baruti ya kweli

Tangu nipost ile picha nimevaa kofia ya sufu na upanga kiunoni meseji haziishi, na karibu zote zinauliza kitu kilekile, jamani we umepatwa na nini, kwahiyo nimeona bora niandike hapa mara moja kila mtu asome. Naishi Virginia, pembeni ya ghuba ya Chesapeake, na wikiendi zangu nyingi za kiangazi naigiza baharia wa kiharamia wa mwaka 1718. Mavazi, viatu, bastola, kila kitu, na kupigana panga mbele ya watu. Ni hobi yangu na naipenda kuliko kitu kingine chochote ninachofanya nikishatoka kazini.

Najua kwetu Tanga ukisema haramia mtu anawaza Somalia, zile boti za spidi na meli kutekwa, miaka ile mabaharia walikuwa wanakaa miezi na wengine miaka mikononi mwa watekaji. Hayo sisi hatuigizi na mimi siwezi kuyaigiza. Waliotekwa wengi bado wako hai, wana watoto wao, hayo machungu ni yao na si ya kuchezea. Tunaowaigiza sisi walikufa miaka 300 iliyopita, na hata hao mimi nina masharti yangu, nitaeleza huko mbele.

Sasa kwanini huku. Mji wa Hampton, hapahapa Virginia, ndiko kilikoletwa kichwa cha Blackbeard, yule haramia maarufu. Jina lake Edward Teach, nyaraka nyingine zinaandika Thatch. Gavana wa Virginia, Alexander Spotswood, alimtuma luteni wa jeshi la maji la Uingereza anaitwa Robert Maynard na mashua mbili za mlingoti mmoja, Jane na Ranger, watu kama 60 na hawana hata mzinga mmoja. Wakamkuta Ocracoke, North Carolina, wakapigana asubuhi ya tarehe 22 Novemba 1718. Teach alikuwa na mizinga, akafyatua, watu wa Maynard wakaanguka wengi sana kwa mpigo. Maynard akawaficha waliobaki chini ya sitaha, Teach akaona juu kweupe akadhani kazi imeisha, akarukia kule na watu wake huku wakirusha machupa yaliyojazwa baruti na vipande vya chuma, na hapo ndipo waliojificha wakatoka wote kwa pamoja. Maynard mwenyewe aliandika kwamba Teach alianguka akiwa na risasi 5 mwilini na majeraha 20 ya panga. Kichwa kikafungwa mbele kabisa ya mashua na safari ya kurudi Virginia ikaanza. Mpaka leo Hampton kuna tamasha lenye jina la Blackbeard, watu wanajaa ufukweni, na pigano la Ocracoke linaigizwa.

Ndio pigano ambalo kikundi chetu kinalifanyia mazoezi karibu mwaka mzima. Watu wakituona stejini ni dakika chache tu, wanadhani tunaparamiana tu na panga. Hapana aisee. Kila pigo lina namba, lina mwelekeo, lina mwenyewe.

Kitu cha kwanza unachofundishwa kwenye mapigano ya jukwaani si kupiga, ni kusimama. Umbali. Unanyoosha mkono na upanga wako mpaka mwisho kabisa na ncha lazima ibaki nafasi ya shubiri na zaidi kabla ya kumfikia mwenzako, na huo umbali unaubeba kwenye miguu yako muda wote, akisogea unasogea, akirudi unafuata. Cha pili ni macho, mnatazamana kabla ya kila mfululizo wa mapigo, usipoyaona macho yake hupigi, basi. Cha tatu ndio kinawashangaza watu nikiwaelezea, kwamba anayepigwa ndiye anayeanza. Mshambuliaji anainua upanga, hiyo ni ishara, mwenzake anainama au anaweka kinga, alafu ndio upanga unakuja, unapita mahali ambapo kichwa kilikuwepo na sasa hakipo. Ishara, mwitikio, pigo. Mtazamaji haoni huo mpangilio kwasababu spidi imeshapanda na macho yake yanafuata chuma. Kuchoma vilevile, ncha inaenda nje ya kiuno, si tumboni. Na mkikabana koo au kuvutana nywele, anayekabwa ndiye mwenye usukani, mikono yake iko juu ya mikono ya mkabaji na akiiachia tu, mchezo umeisha.

Mliowahi kuona kirumbizi, ile ngoma ya kupigana fimbo, Lamu au Zanzibar, mtanielewa haraka kuliko wenzangu wa huku. Wale wazee wenye fimbo na zumari nyuma yao, mmoja anaingia uwanjani anapiga, mwingine anakinga, ngoma inapandisha, fimbo zinalia kweli na mtu hatoki damu. Nilipoanza mazoezi huku mwalimu akatuambia tusikilize mdundo wa mapigo, moja mbili, moja mbili tatu, nikajikuta mwili wangu unajua tayari anasema nini. Nimewaonyesha wenzangu video za kirumbizi na sasa kuna hatua mbili tatu za kuzunguka tumeziingiza kwenye pigano letu, yule anayeigiza Maynard anazipenda sana.

Upanga wenyewe. Wengi wanakuja na zile panga ndefu nyembamba za kwenye sinema, lakini baharia wa kawaida alikuwa na upanga mfupi, mpana, wenye kinga kubwa ya mkono kwenye mpini, bapa lake sentimita 60 hadi 70 hivi. Ukiushika ndani ya mashua unaelewa sababu kabla hujaambiwa. Juu kuna kamba, pembeni kuna kamba, mlingoti uko mgongoni kwako na watu wamebanana, upanga mrefu utaunyanyulia wapi. Alafu ni chombo cha kazi pia, unakata kamba nao, unakata tanga lililoanguka. Na shoka hivyohivyo, lile shoka dogo la kuparamia meli ya watu lilikuwa la kukata kamba za adui na kuvunja milango kabla halijawa la kumkata mtu. Hii ndio sababu mimi siachi hii hobi, kuna vitu umesoma miaka na hujavielewa mpaka umevishika mkononi. Haramia alikuwa baharia kwanza. Silaha zake nyingi ni vifaa vya ubaharia vilivyogeuzwa.

Panga zetu za jukwaani ni chuma kweli, si plastiki, uzito wake kama kilo moja au pungufu kidogo, lakini makali hayapo, ukingo umefanywa mnene na ncha imeviringwa. Na butu haimaanishi salama. Chuma kikigongana na chuma kinatoa vijino, vile vijino vinakwangua ngozi kama msumeno na vikizidi vinaweza kuanzisha ufa, kwahiyo kila baada ya mazoezi tunakaa chini na tupa tunasugua, kila mtu upanga wake, tukipiga stori. Tunakagua na mpini kama umelegea. Siku ya onyesho, hata kama tumelifanya pigano hilohilo jana yake, tunalipitia lote polepole kabla watu hawajaingia. Hakuna msamaha kwa hilo, ukichelewa ukakosa lile zoezi la polepole leo hupigani, utabeba ndoo. Na likitamkwa neno la kusimama, limetamkwa na nani haijalishi, hata kama ni mtoto wa miaka kumi anayepiga ngoma, kila chuma kinashuka chini papo hapo.

Huku Marekani kuna chama cha wasimamizi wa mapigano ya jukwaani, Society of American Fight Directors, kipo tangu 1977, kina walimu na kina mitihani ya silaha nane tofauti, kuanzia mikono mitupu, kisu, upanga mmoja, upanga na ngao, mpaka fimbo ndefu, na ukifaulu cheti kinaisha baada ya miaka mitatu unarudi kupimwa tena. Mimi napenda sana hilo la kuisha, mwili unasahau. Kama uko diaspora na unataka kuingia kwenye haya mambo anza kwa mwalimu wa namna hiyo, usianze kwa kununua upanga mtandaoni. Upanga wa kutundika ukutani ukigongwa unaweza kukatika na kipande kikaruka kwa watazamaji.

Haya, bastola. Hapa ndio watoto wanasogea mbele wote. Ni za gumegume, za kushindilia kwa mdomoni, wale wenye wazee wao wawindaji na magobore watakuwa wanaijua hiyo kazi. Unaweka baruti kwenye mtutu, unaweka nyingine kidogo kwenye kisahani pembeni, unavuta nyundo yenye jiwe, ukifyatua jiwe linapiga kipande cha chuma, cheche zinaangukia kisahani, moto unapenya kitundu kidogo unaingia ndani ndio inalia. Kuna muda pale katikati, mdogo sana, lakini upo, fsss alafu paa. Na mara nyingine unapata fsss peke yake. Baruti ya kisahani imewaka na ya ndani imekataa. Sasa fikiria uko baharini, chumvi, unyevu, mawimbi yanarukia, bastola yako ina risasi moja tu na hujui kama itakubali, na kushindilia upya huku mtu anakujia na shoka haiwezekani. Ndio maana kitabu kimoja kilichochapwa London mwaka 1724 kinasema Teach alikuwa anajivika jozi tatu za bastola kifuani. Wengi wanaona ni mbwembwe, mimi naona ni hesabu, sita zikiwepo mbili zikikataa bado una nne. Na kwenye meli ya Whydah, ya haramia Sam Bellamy, iliyozama Cape Cod, jimbo la Massachusetts, tarehe 26 Aprili 1717 na mabaki yake kugunduliwa 1984, imetoka bastola ikiwa na utepe wa hariri. Utepe unauvaa shingoni, ukishafyatua unaiachia inaning'inia, mikono inabaki huru. Mimi bastola zangu mbili nimezifunga hivyohivyo na nawaambia, inafanya kazi vizuri mno.

Baruti tunayotumia ni nyeusi ya kweli, mkaa, salfa na shura (ile chumvi inayoukoleza moto), karibu robo tatu yake ni shura. Haina risasi, haina hata karatasi inayobaki ndani ya mtutu, kwasababu karatasi nayo kwa karibu inaumiza. Hatumlengi mtu hata siku moja, mtutu unaelekea juu na pembeni na watazamaji wanadhani umemlenga kwasababu ya pale wanapokaa wao. Kitu ambacho wageni hawakijui ni cheche za pembeni, kisahani kiko kulia kwa hiyo moto unaruka kulia, ukisimama karibu na mkono wa kulia wa anayefyatua shavu lako na sikio lako viko hatarini, kwahiyo nafasi kwenye mstari inapangwa kama swala, kila mtu na mahali pake. Bastola ikikataa kulipuka, unabaki umeielekeza kulekule salama, unahesabu polepole mpaka sekunde zipite nyingi, maana inaweza kuamua kulipuka baadaye. Kisheria huku, sheria ya serikali kuu ya Marekani haihesabu bunduki za gumegume kama silaha za moto za kawaida, na mtu anaruhusiwa kuwa na baruti nyeusi mpaka pauni 50 kwa ajili ya michezo kama hii, ila majimbo na miji ina sheria zake juu ya hapo na viongozi wetu wanaomba vibali kila tunapoenda. Uingereza wenzetu wanahitaji vyeti vya polisi vya silaha na vya baruti, ni kazi.

Na kuosha! Hakuna anayewaambia habari ya kuosha. Baruti nyeusi ikishaungua inaacha chumvi inayovuta unyevu, ukilala bila kuosha asubuhi una kutu. Maji ya moto na sabuni, kitambaa, kausha, mafuta. Jiko langu jioni ya onyesho linanuka mayai viza na jirani yangu ameshazoea.

Nimesema nina masharti yangu. Ni haya.

Mimi ni mtu mweusi, Mwafrika, nimevaa nguo za mwaka 1718 nimesimama Hampton. Pale pale Hampton, kwenye rasi ya Point Comfort ambako leo kuna ngome ya Fort Monroe, mwishoni mwa Agosti 1619 ilitia nanga meli inaitwa White Lion ikiwa na Waafrika ishirini na kitu, watu kutoka Angola. Walikuwa wa kwanza kuletwa Virginia ya Waingereza. Na walifikaje? Walinyang'anywa baharini kutoka meli ya watumwa ya Wareno, na walionyang'anya walikuwa wawindaji wa meli, maharamia wenye kibali mfukoni. Wakawabadilisha kwa chakula. Kwahiyo bandari inayosherehekea maharamia ndiyo bandari ambayo uharamia ulishusha babu zetu, na mimi siwezi kusimama pale nikapiga kelele za arrr nikaondoka.

Hata meli kubwa ya Teach, Queen Anne's Revenge, ilikuwa meli ya watumwa ya Kifaransa, La Concorde ya Nantes. Aliiteka Novemba 1717 ikiwa na Waafrika zaidi ya 450 waliobaki hai ndani yake. Wengi wao walishushwa kisiwa cha Bequia, huko Karibiani, na Wafaransa wakawakusanya tena kwenda kuwauza Martinique. Mabaki ya hiyo meli yalipatikana 1996 karibu na Beaufort, North Carolina, na vitu vyake viko kwenye makumbusho ya bahari pale pale mjini, mizinga mingine ilikutwa bado imeshindiliwa, nendeni mkaone.

Watu wanapenda kusema meli za maharamia zilikuwa na usawa, na kuna ukweli, walipiga kura kumchagua nahodha, kwa haramia Bartholomew Roberts, aliyepoteza kiungo kazini alikuwa analipwa fidia ya vipande 800 vya fedha, wakati baharia wa meli ya biashara akikatika mguu hana uhakika wa chochote. Na weusi walikuwemo, wakishika silaha. Lakini angalieni mwisho wao. Meli za Roberts zilipokamatwa mwaka 1722, wazungu wakapelekwa mahakamani Cape Coast, Ghana ya leo, 52 wakanyongwa. Weusi hawakushitakiwa kabisa. Waliuzwa. Hata kunyongwa ilionekana ni haki ya mtu, na wao hawakuhesabiwa watu.

Mimi kwenye pigano letu namwigiza Caesar. Alikuwa mweusi kwenye kundi la Teach, inasimuliwa aliachwa chini kwenye stoo ya baruti na moto mkononi, wakishindwa alipue mashua nzima, na wafungwa waliokuwemo humo chini wakamzuia. Nikishuka kwenye ile sehemu na utambi wangu wa kamba unaowaka watoto wanapiga kelele, na ni sehemu nzuri sana kuigiza, lakini nilikubali kwa sharti kwamba onyesho likiisha napewa dakika zangu niongee na watu. Nawaambia kuhusu kesi ya Williamsburg, makao makuu ya Virginia enzi hizo, walikoshitakiwa mabaharia wa Teach. Nawaambia kuhusu James Blake, Richard Stiles, James White na Thomas Gates, mabaharia wanne weusi wa Teach ambao ushahidi wao ulitumika kumshitaki Tobias Knight, katibu wa koloni la North Carolina, kwamba alishirikiana na Teach, na yule bwana akajitetea kwamba watu weusi kwa sheria na desturi za Amerika yote hawapaswi kusikilizwa kama mashahidi. Baraza likamwachia, Mei 1719. Hapo uwanja unanyamaza. Nasema majina yote manne taratibu, kila onyesho.

Kuna waliowahi kuniambia naharibu raha ya watu. Sioni hivyo. Wanaobaki kuniuliza maswali baada ya hapo ni wengi kuliko wanaokuja kupiga selfi, na weusi wenzangu wa hapa, wa Hampton na Norfolk, wameanza kuleta watoto wao. Kuna binti mmoja sasa anafanya mazoezi na sisi, ana kinga nzuri kuliko watu wazima, miguu yake imetulia ajabu.

Wanaouliza gharama, viatu na koti ndio vinakula hela, upanga wa jukwaani unaweza kuazima kwenye kikundi mpaka utakapojua unataka upi. Shati la kitani, suruali pana ya mabaharia inayoishia chini ya goti, kofia ya sufu ya kufuma, kitambaa cha shingoni, inatosha kuanzia. Msivae buti ndefu zile za kwenye sinema, baharia hakupanda mlingoti na buti. Kunyweni maji, joto la Virginia ndani ya koti la sufu si mchezo, tumeshawabeba watu. Na walio na visu vya kwao, majambia ya babu na nini, viacheni nyumbani, chuma chenye makali hakiingii uwanjani kwetu.

Ocracoke yenyewe nayo fikeni mkipata nafasi, ni kisiwa, barabara haifiki, unavuka na feri. Maji ya pale ni mafupi mno, ukiangalia kutoka ufukweni unaelewa mara moja kwanini Maynard alikuja na mashua ndogo zisizo na mizinga. Ratiba ya maonyesho yetu ya mwaka huu ikishatoka nitaiweka hapa.